Laibach: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bendi ya mashine na okestra

Wengi hukutana na Laibach kwa bahati. Video inajileta yenyewe kwenye simu: wanaume wenye sare, ngoma ya gwaride, tarumbeta, na mtu mwenye sauti nzito kama ya kutoka kisimani akiimba Kijerumani. Baada ya hapo maswali huanza, na mengi hufanana. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa urefu unaostahili kila moja.

Laibach ni nani hasa?

Ni bendi ya muziki wa elektroniki kutoka Slovenia, iliyoanzishwa tarehe 1 Juni 1980 katika mji wa Trbovlje. Wakati huo Slovenia ilikuwa mojawapo ya jamhuri za Yugoslavia, na Rais Josip Broz Tito alikuwa amefariki tarehe 4 Mei, chini ya mwezi mmoja kabla. Nchi ilikuwa bado kwenye matanga ya kiongozi wake. Vijana hawa wakaingia uwanjani na kelele za mashine, ngoma za kijeshi, kanda zilizorekodiwa hotuba na honi za tahadhari.

Tangu hapo hawajaacha. Wamepiga na vyombo vya umeme peke yake, wamepiga na gitaa, na wamepiga na okestra kamili yenye fidla, pembe na kwaya. Wanaowajua kwa wimbo mmoja wa mwaka 1987 wanajua kipande kidogo sana cha kazi yao.

Kwa nini Trbovlje inatajwa kila mara?

Kwa sababu bila Trbovlje hakuna Laibach. Ni mji mdogo uliobanwa kwenye bonde, na makaa ya mawe yalichimbwa hapo kuanzia mwanzoni mwa karne ya 19. Palikuwa na kiwanda cha saruji na kituo cha kufua umeme kwa makaa. Bomba la moshi la kituo hicho, lililojengwa katika miaka ya 1970, lina urefu wa mita 360, refu kuliko mabomba yote ya moshi Ulaya. Lilijengwa refu hivyo ili moshi upande juu ya milima inayouzunguka mji, maana kabla ya hapo ulikuwa unatuama bondeni juu ya vichwa vya watu.

Eneo lote hilo la migodi liliitwa wilaya nyekundu, kwa jinsi wachimbaji walivyokuwa wagumu katika siasa za wafanyakazi. Tarehe 1 Juni 1924 wafanyakazi wa Trbovlje walipambana na kundi la wazalendo wa mrengo wa kulia lililoitwa Orjuna, na damu ikamwagika. Tazama tarehe hiyo, halafu tazama tarehe ya kuanzishwa kwa bendi. Mwaka 2023 Laibach walitoa albamu nzima kuhusu historia hiyo, Sketches of the Red Districts, na kwa masikio yangu ni kati ya kazi zao za ukweli zaidi: kelele za mgodi bila pambo, na karibu bila sauti ya mtu.

Kwa hiyo watu wanaposema bendi hii inaiga sauti za viwanda, neno kuiga halitoshi. Walikulia ndani ya sauti hizo. Kwao king'ora cha zamu kilikuwa saa ya nyumbani.

Muziki wa viwandani maana yake nini?

Jina lilitoka Uingereza. Mwaka 1976 kundi la Throbbing Gristle lilianzisha lebo yake London na kuiita Industrial Records, yaani Rekodi za Viwandani, na jina likashika. Wazo lilikuwa kwamba dunia ya kiwanda, ya mashine, matangazo, propaganda na vita, ina sauti zake, na msanii hana sababu ya kuzificha nyuma ya melodia tamu. Wakatumia kanda, vyombo vya umeme walivyounda wenyewe, kelele na sauti zilizopotoshwa. Berlin Magharibi, mwaka 1980, wakatokea Einstürzende Neubauten, waliopiga mabati, springi za chuma na mashine za kutobolea kuta.

Laibach ni wa kizazi hicho hicho, ila walielekea njia nyingine. Ukiwasikiliza Neubauten unasikia jengo likiporomoka. Laibach wanakusikilizisha jengo likisimamishwa: nguzo, ukuta, paa, bendera juu. Ndiyo maana wanatisha zaidi.

Sasa okestra inaingiaje humo?

Hapa ndipo pana utamu wote, na ndipo wasikilizaji wengi hupita haraka.

Tumezoea kudhani kwamba kiwanda na okestra ni vitu viwili vinavyopingana. Kimoja kichafu, kingine kisafi. Kimoja cha vibarua, kingine cha wenye suti. Laibach waliona tofauti. Katika Ulaya waliyoijua, okestra ni chombo cha dola kama kiwanda kilivyo chombo cha dola. Hulipwa na serikali, hupiga kwenye mazishi ya viongozi, hufungua sherehe za kitaifa, na kila utawala uliotaka heshima ya haraka ulitafuta okestra ya kuupigia. Mashine huwapanga watu kwenye mstari kwa mikono, nayo okestra huwapanga kwa moyo. Ukiziweka pamoja hupati mchanganyiko wa ajabu. Unapata sauti kamili ya mamlaka, ile inayokufanya usimame wima kabla hujaamua kusimama.

Mwanzoni hawakuwa na fedha za kuajiri okestra, hivyo waliichukua kwa vipande. Walikata sekunde chache za tarumbeta, za kwaya au za fidla kutoka kwenye rekodi za muziki wa kale wa Ulaya, wakazirudia juu ya mdundo mzito wa ngoma ya gwaride. Kipande kinachorudiwa hivyo hubadilika tabia. Katika kazi yake ya asili, mlio wa pembe huja, hupanda, halafu hupata jibu kutoka kwa fidla. Ukikatwa na kurudiwa, jibu haliji kamwe. Inabaki amri peke yake.

Baadaye okestra zenyewe zilikuja. Mwezi Mei 1997, Ljubljana ilipokuwa mwenyeji wa Mwezi wa Utamaduni wa Ulaya, Laibach walifungua sherehe wakiwa na okestra ya Filharmonia ya Slovenia na kwaya, wakipiga nyimbo zao za miaka ya mwanzo zilizopangwa upya kwa vyombo vya okestra. Hebu fikiria: nyimbo za bendi iliyowahi kupigwa marufuku katika mji huohuo, sasa zinapigwa na okestra ya taifa mbele ya wakubwa wa serikali. Mwaka 2009 walirudi na Volkswagner, kazi iliyojengwa juu ya muziki wa mtunzi wa Kijerumani Richard Wagner, pamoja na okestra ya simfoni ya redio na televisheni ya Slovenia, chini ya uongozi wa Izidor Leitinger.

Upande wa pili wa jambo hili ni Bach. Johann Sebastian Bach alifariki Leipzig mwaka 1750 na kuacha kazi kubwa ya fuga, yaani muziki ambamo melodia moja huingia kwa zamu na kujifukuza yenyewe, ambayo fuga yake ya mwisho haikukamilika. Katika maandishi ya kazi hiyo hakutaja vyombo vya kuipigia. Kwa karne mbili na zaidi watu wameipiga kwa kinanda, kwa vyombo vinne vya nyuzi, kwa ogani. Laibach wakasema: kama chombo hakikutajwa, basi kompyuta nayo ina haki yake. Mwaka 2006 waliipiga Leipzig kwenyewe, na albamu, Laibachkunstderfuge, ikatoka 2008. Hakuna sauti nzito ya mtu, hakuna gwaride. Ni mistari ya melodia inayofukuzana ndani ya mashine. Wapo mashabiki walioiona baridi. Mimi naiona kuwa jibu lao kwa wote waliodhani kazi yao ni sare na kelele.

Kitaalamu, wanawezaje kupiga mashine na okestra kwa wakati mmoja?

Ugumu uko kwenye wakati. Okestra hupumua: kiongozi anaweza kuchelewesha kidogo, kuharakisha, kuacha noti ining'inie. Mashine haisubiri mtu. Kwa kawaida katika maonyesho ya aina hii kiongozi wa okestra huvaa kifaa cha sikioni kinachompa mdundo wa kompyuta, naye huupitisha kwa wapigaji kwa mkono. Maana yake ni kwamba watu wote hao waliosomea muziki miaka mingi wanafuata saa ya mashine. Kwa bendi nyingine hilo lingekuwa tatizo la kufichwa. Kwa Laibach ndiyo maana yenyewe ya onyesho, na unaisikia.

Je, hawa ni mafashisti?

Hapana. Lakini swali ni la haki, na anayeuliza asichekwe.

Wanavaa sare. Wanaimba kwa sauti ya kuamuru. Alama zao zinafanana na zile za miaka ya 1930. Walipoulizwa, walijibu kwamba wao ni mafashisti kwa kiasi kilekile ambacho Hitler alikuwa mchoraji. Jibu hilo halimsaidii mtu mwenye haraka.

Angalia vitu vyenyewe kwa karibu. Msalaba mweusi wanaoutumia umetoka kwa Kazimir Malevich, mchoraji wa Urusi wa mwanzoni mwa karne ya 20. Ile swastika ya mashoka manne iliyochapishwa pamoja na albamu ya 1987 ni kazi ya John Heartfield, Mjerumani aliyewapinga Wanazi kwa mkasi na gundi hadi akalazimika kukimbia nchi. Aliyeona swastika akakasirika bila kuuliza, alikasirikia kazi ya adui wa Hitler. Ndivyo Laibach wanavyofanya kazi: wanakuonyesha jinsi alama inavyokushika kabla ya akili kufika.

Mwanafalsafa Slavoj Žižek, Mslovenia mwenzao, alieleza jambo hili vizuri. Alisema kejeli haiwasumbui watawala. Utawala unaishi vizuri tu na raia wanaocheka pembeni huku wakitii. Kinachousumbua ni mtu anayeuchukua kwa uzito kuliko unavyojichukua wenyewe, anayevaa sare yake yote na kutamka maneno yake yote bila kukonyeza jicho. Hapo kila mtu anaona kilichofichwa.

Msomaji wa pwani yetu hatapata shida kulielewa hili akikumbuka beni. Mwishoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu, vijana walivaa sare za maofisa, wakajipa vyeo vya jenerali na mfalme, wakapiga tarumbeta na ngoma za kijeshi na kuandamana mitaani. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana, na ngoma ikaenea hadi bara. Maofisa wa kikoloni walitazama na kujiuliza: hawa wanatusifu, wanatucheka, au wanajifunza kututawala? Wanahistoria bado wanabishana, na nadhani ubishi hautaisha, kwa sababu nguvu ya beni ilikuwa hapo hapo, kwenye kutokujulikana. Mtu aliyeichezea beni angekaa na Laibach na kuelewana nao bila mkalimani.

Mbona walipigwa marufuku basi, kama hawakuwa na ubaya?

Kwa serikali ya Yugoslavia ubaya ulikuwa mwingi. Kwanza jina. Laibach ndilo jina la Kijerumani la Ljubljana, lililotumika enzi za Austria na tena Wajerumani walipoukalia mji huo kuanzia 1943 hadi 1945. Kizazi cha wapiganaji wa msituni kilikuwa bado hai na kilikuwa ndicho kinachotawala. Kwao jina hilo lilikuwa kidonda.

Kisha yakafuata matukio. Septemba 1980 onyesho lao la kwanza Trbovlje lilizuiwa kabla halijafunguliwa, kwa sababu ya mabango yake. Mwaka 1983, kwenye tamasha la muziki Zagreb, walionyesha filamu ambamo picha za Tito ziliwekwa pamoja na picha za ngono, wakaondolewa jukwaani. Tarehe 23 Juni mwaka huohuo walihojiwa kwenye televisheni. Waliketi wima na sare zao, wakajibu kila swali kwa maneno yaliyoandikwa kabla, kama msemaji wa wizara anayesoma tamko. Mtangazaji alimaliza kwa kuwaelekea watazamaji na kuonyesha matumaini kwamba kuna mtu atawachukulia hatua. Hatua zikachukuliwa: wakakatazwa kupiga hadharani na kulitumia jina lao, hadi 1987.

Walichofanya ni kuendelea bila jina. Albamu yao ya kwanza, ya 1985, ilitoka nyumbani bila neno Laibach kwenye jalada. Walitangaza onyesho kwa bango lenye msalaba mweusi bila jina la bendi, na watu wakajaa. Serikali iliwanyima jina, ikawapa fumbo, na fumbo likawatangaza kuliko jina.

Ni nani wamo kwenye bendi? Na yule mwenye kofia ni nani?

Mwenye kofia na sauti ya chini kabisa ni Milan Fras. Alichukua nafasi ya mwimbaji wa mwanzo, Tomaž Hostnik, aliyefariki Desemba 1982. Hostnik anakumbukwa zaidi kwa tamasha la Novi Rock la Ljubljana mwaka huo: alirushiwa chupa, uso ukavuja damu, naye akaendelea kusimama kama sanamu hadi mwisho. Mtunzi mkuu wa miaka ya mwanzo alikuwa Dejan Knez. Ivan Novak ndiye msemaji unayemsoma kwenye mahojiano mengi. Mina Špiler alileta sauti ya kike iliyobadilisha kabisa rangi ya bendi katika miaka ya 2000.

Ila kwa muda mrefu hawakutaka majina yajulikane. Tamko lao la 1982 linasema kundi linafanya kazi kwa mfano wa kiwanda na wa dola ya kiimla: mtu mmoja hasemi, shirika ndilo linalosema. Walitumia majina manne ya kubuni, Eber, Saliger, Dachauer na Keller, na yeyote aliweza kuwa yeyote kati ya hao.

Kwa nini wanaimba nyimbo za watu wengine?

Fanya jaribio hili. Tafuta Live Is Life ya bendi ya Opus kutoka Austria. Ni wimbo wa sherehe, umati unaimba pamoja, kila mtu ana furaha. Halafu sikiliza Laibach walivyouimba kwenye albamu ya Opus Dei ya mwaka 1987, mara moja kwa Kijerumani na mara moja kwa Kiingereza. Toleo la Kiingereza linafuata karibu maneno yaleyale. Kilichobadilika ni ngoma, tarumbeta na sauti. Ghafla yale maneno ya sisi sote kutoa nguvu zetu yanasikika kama wito wa kujiandikisha jeshini.

Rudi sasa kwenye toleo la Opus. Halitasikika tena kama zamani.

Walifanya hivyohivyo na One Vision ya Queen. Mtu mmoja, lengo moja, dira moja: kwa Kiingereza, na gitaa la Brian May, ni wimbo wa umoja wa binadamu. Laibach waliutafsiri Kijerumani bila kuongeza chumvi, na kila mzee wa Ulaya akajua alikuwa amewahi kuusikia wapi. Hawakuweka kitu ndani ya wimbo ambacho hakikuwemo. Sisi tuliokulia na nyimbo za kusifu kiongozi redioni kabla ya taarifa ya habari tunaujua ukaribu huo kati ya furaha ya umati na utii wa umati, na ndiyo maana naamini bendi hii ina la kusema kwetu.

Mwaka 1988 waliimba upya albamu ya Let It Be ya Beatles, wakauruka ule wimbo wenye jina la albamu. Mwaka 2006, kwenye Volk, waliingia kwenye nyimbo za taifa: Uingereza, Marekani, Urusi, Uchina, Ufaransa na wengine, hadi Vatikani. Kinanda na kwaya vinachukua nafasi kubwa hapo, na nyimbo nyingi zinaimbwa kwa upole. Ni upole unaokufanya usikilize maneno, na nyimbo za taifa zinaposikilizwa maneno, damu huonekana.

Je, Rammstein waliwaiga?

Rammstein, bendi ya roki ya Ujerumani, walianza Berlin mwaka 1994, na sauti nzito ya Kijerumani juu ya mdundo wa gwaride ilikuwa tayari imefanywa na Laibach kwa zaidi ya muongo mmoja. Laibach wenyewe hawalalamiki. Wamesema hawaamini katika uasilia, kwa hiyo hakuna cha kuibiwa. Mwaka 2004 walitengeneza toleo lao la wimbo Ohne dich wa Rammstein, na pande zote mbili zikatoka na heshima.

Na ile safari ya Korea Kaskazini, ilikuwa kweli?

Kweli kabisa. Agosti 2015, katika maadhimisho ya miaka 70 ya ukombozi wa Korea kutoka kwa Japani, walipiga Pyongyang katika ukumbi wa Ponghwa. Aliyeipanga safari ni Morten Traavik, msanii wa Norway, na filamu iitwayo Liberation Day inaonyesha maandalizi, vikao na maafisa, na nyimbo zilizokatwa kwenye orodha moja baada ya nyingine.

Walichopiga zaidi ni nyimbo za filamu ya Kimarekani The Sound of Music, kwa sababu filamu hiyo inajulikana Korea Kaskazini na imetumika kufundishia Kiingereza. Ni hadithi ya familia inayowakimbia Wanazi, iliyopigwa kwa mtindo wa Laibach, mbele ya watu wa dola iliyofungwa kuliko zote. Hadhira ilikaa kimya na kupiga makofi kwa adabu. Albamu ilitoka 2018, na ndani yake umo pia Arirang, wimbo ambao Wakorea wa kaskazini na kusini wote wanauita wao.

Wapo waliowalaumu kwa kuupamba utawala. Nimeitazama filamu hiyo kwa makini, na sioni pambo. Naona watu wawili wa chumba kimoja wakitazamana kwenye kioo.

Je, kuna mahali walipokosolewa kwa haki?

Kwa maoni yangu, ndiyo. Mwaka 2023 walitangaza kwenda kupiga Kyiv, halafu kauli zao zilizoiita vita vya Ukraine kuwa vita vya mataifa makubwa kwa mgongo wa wengine zikawaudhi watu wengi huko, na onyesho likafutwa. Wakazi wa mji unaopigwa makombora walitaka kusikia jambo moja lililo wazi, na bendi iliyojengwa juu ya fumbo haikuwa nalo.

Nasema hivyo nikijua walichofanya Sarajevo. Tarehe 20 na 21 Novemba 1995, mji ukiwa umezingirwa kwa zaidi ya miaka mitatu, walipiga usiku mbili katika ukumbi wa maigizo wa taifa. Siku ya pili ndiyo mkataba wa amani ulipokubaliwa kule Dayton, Marekani. Pale walikwenda kama jirani aliyekuja kuhani, na watu wa mji waliwapokea hivyo.

NSK ni nini, na je, pasipoti yake inaweza kunifikisha Ulaya?

Nianze na la pili kwa sababu limewaumiza watu: haiwezi. Usilipie tikiti ya ndege ukiwa na pasipoti hiyo.

NSK, yaani Neue Slowenische Kunst, ni umoja wa wasanii ulioanzishwa 1984 na Laibach, wachoraji wa kundi la IRWIN na kundi la maigizo. Yugoslavia ilipovunjika, mwaka 1992, walijitangaza kuwa dola isiyo na ardhi, dola iliyopo katika wakati tu, wakaanza kutoa pasipoti kama kazi ya sanaa. Zimechapwa vizuri na zinafanana na za kweli. Sarajevo walipewa watu wengi.

Katikati ya miaka ya 2000 maombi yakaanza kumiminika kutoka Nigeria. Waombaji wengi waliamini ni nchi halisi, au angalau hati itakayowavusha mpaka. Wasanii walilazimika kutoa onyo kwamba hati hiyo haimpi mtu haki ya kusafiri, na mwaka 2010 wana IRWIN walikwenda Lagos kuzungumza na watu wenyewe. Kwangu hiki ndicho kipimo kikubwa zaidi kilichowahi kuipata sanaa yao. Mzungu akiishika pasipoti ile anaona fumbo kuhusu dola, kwa sababu mfukoni ana nyingine inayofanya kazi. Kijana wa Ibadan alikuwa anatafuta mlango. Kwa safari ya Slovenia unahitaji viza ya Schengen kutoka ubalozini.

Nianzie wapi kusikiliza?

Usianzie mwanzo. Rekodi za 1980 hadi 1984 ni ngumu, na zitakufukuza kabla hujakaribishwa.

Anza na Opus Dei ya 1987, kwa sababu ndiyo yenye melodia na ndiyo iliyowapeleka duniani kupitia lebo ya Mute ya London. Kisha Volk, usiku, ukiwa na maneno mbele yako. Anayependa muziki wa kudansi achukue WAT ya 2003. Anayependa filamu asikilize muziki wao wa Iron Sky wa 2012. Mwaka huohuo walipiga katika Turbine Hall ya jumba la sanaa la Tate Modern, London, jengo ambalo zamani lilikuwa kituo cha kufua umeme, na rekodi zinazopatikana za usiku huo zinaonyesha ukumbi unaowafaa kuliko ukumbi wowote wa muziki.

Kwa aliyekuja hapa kwa ajili ya okestra, lengo ni Alamut. Ilipigwa kwa mara ya kwanza Ljubljana mwaka 2022, ikiwa imejengwa juu ya riwaya ya 1938 ya Vladimir Bartol, Mslovenia aliyeandika kuhusu ngome ya Uajemi ya karne ya 11 na kiongozi aliyewafanya vijana wafe kwa furaha. Laibach walishirikiana na watunzi wawili wa Iran, Idin Samimi Mofakham na Nima Atrkar Rowshan, okestra ya redio na televisheni ya Slovenia, na waimbaji wa Tehran, wakitumia mashairi ya Omar Khayyam na ya Mahsati Ganjavi. Huko mashine hazigongi tena juu ya okestra. Zimeingia chini yake, zinanguruma kwa muda mrefu bila mdundo wa gwaride, na fidla zinapanda kwa ngazi ya sauti ya Kiajemi ambayo sikio lililozoea taarabu halitaiona ngeni. Isikilize nzima kwa kikao kimoja, kwenye spika zenye besi ya kutosha. Spika za simu hazitoi ngurumo ya chini, na nusu ya kazi hiyo iko kwenye ngurumo.